Mchezo wa Wifi Yangu na Duara la Maganga

Wifi yangu Sesilia anatengeneza michezo ya simu. Nimeona niliseme mapema, maana hapa Segese ukisema mtu anaishi kwa michezo, watu wanafikiria kamari. Sesilia anakaa chumba cha uani kwangu. Anafunga mlango, anafungua kompyuta yake yenye ufa kwenye kioo, na kutwa nzima anatunga mafumbo madogo madogo: sogeza hiki, panga kile, tafuta njia ya kutokea. Yuko peke yake. Hana bosi wala mwenzake wa kazi, na meza yake ni mlango mbovu niliokuwa nimeuegemeza ukutani. Ameulaza juu ya matofali bila hata kuniuliza.

Mimi ni Ritha, Mama Dorah. Nakaanga maandazi kwenye kona ya barabara iendayo machimboni, na mdomo wangu unajulikana. Mume wangu Luka ni mdogo wake Sesilia, wamezaliwa tumbo moja kule Tinde. Luka anachimba dhahabu kwenye duara la Maganga, yaani shimo linalokwenda chini wima, halafu linachepuka huku na huku kufuata mwamba, limeshikiliwa na magogo tu. Ndiyo kazi inayotulisha, na ndiyo inayonifanya nisipende mtu anipigie hodi kwa haraka.

Wifi hakuzaliwa mzito. Nilipoolewa, yeye ndiye aliyenitania kuliko wote. Alisema Luka kaniokota mnadani jioni, watu wanafunga mizigo, nikauzwa bei ya kutupa. Alikuwa amesoma kompyuta Mwanza, akapata kazi Shinyanga mjini kwenye duka la kuchapa barua na kutoa nakala. Wateja wakipungua, anaendelea na michezo yake. Mume wake, Stanslaus, alikuwa dereva wa malori, na walikuwa na mtoto mmoja wa kike, Blessing.

Mchezo wake wa kwanza nilioweza kuuelewa ulikuwa wa ng'ombe. Wanatokea kwenye kioo wamesimama ovyo, na kazi yako ni kuwaingiza zizini wote bila ndama kubanwa. Blessing alikuwa anakaa mapajani mwa mama yake anawafokea: "Wewe mweupe, ingia!" Sesilia anamrekodi kwa simu huku anacheka mpaka kanga inamdondoka. Siku hizo nilimuuliza mafumbo hayo anayatoa wapi, akaniambia, "Wifi, fumbo linaanzwa na jibu. Unaweka mwisho kwanza, halafu unarudi nyuma unatawanya mawe." Nikamwambia hivyo ndivyo mimi ninavyogombana na mdogo wako: hukumu inatangulia, kesi inafuata. Tulicheka sana.

Blessing alifariki kabla hajaanza chekechea. Homa, degedege, tukamkimbiza hospitali, tukarudi naye amefunikwa. Sina la kuongeza hapo.

Msibani Sesilia hakulia. Alikaa kwenye mkeka akiangalia miguu ya watu. Wanawake wa ukoo wa Stanslaus wakaanza kunong'ona kwamba ana moyo wa jiwe, na mmoja wao akasema kwa sauti ili asikike. Nilimjibu, tena vizuri, na sitarudia hapa nilichomjibu. Lakini na mimi nilikuwa nimeumia. Nilitaka alie. Mimi mke wa mjomba tu nilikuwa nimelia mpaka sauti imekauka, na mwenye mtoto ananiuliza kama wageni wamepata maji ya kunawa.

Stanslaus akaenda Chunya kutafuta maisha. Mwanzoni alikuwa anapiga simu, baadaye akawa anatuma ujumbe, baadaye hata huo ukakoma. Luka akafunga safari kwenda Shinyanga, akamleta dada yake kwetu na begi moja na ile kompyuta.

Kuishi na mtu aliyekufa ganzi ni kazi, asikudanganye mtu. Ukimpa ugali anakula, usipompa anakaa. Ukimwambia chumba kinavuja, anasema sawa. Ukimwambia Stanslaus ameonekana na mwanamke mwingine, anasema sawa. Kuna watu wa mbali, hata majina yao siwezi kuyatamka, walikuwa wanamwandikia kuhusu mchezo wa ng'ombe. Mmoja aliandika kwamba ulimfariji alipokuwa anamuuguza mama yake. Sesilia alinisomea, na nilipomwambia hilo ni jambo kubwa, akasema sawa. Siku nyingine aliibeba sufuria yangu yenye mafuta ya moto kwa mikono mitupu, akaitua, akarudi chumbani. Mimi ndiye niliyepiga kelele.

"Hukusikia moto?"

"Nimesikia, wifi. Lakini nilikuwa nimeshaibeba."

Viganja vikatoka malengelenge, na aliendelea kubonyeza kompyuta na malengelenge yake.

Ni uani kwangu hapo alipoumalizia mchezo wa pili, ule aliouita Njia. Alikuwa ameuanza Blessing akiwa hai. Kioo kinagawanyika vyumba vidogo vingi, vingine udongo, vingine jiwe, vingine maji. Unaanzia juu, unashuka unachimba, ukigusa maji umeshindwa, ukifika kwenye dhahabu mtoto anasema, "Umepata!" Ni sauti ya Blessing. Nilipoisikia mara ya kwanza, mwiko ulinitoka mkononi. Nikamuuliza mbona hakuitoa. Akasema, "Ilikuwa imo tayari." Rekodi nyingine za mtoto zilikuwa kwenye kompyuta hiyohiyo, na tangu msiba hakuwa amezigusa.

Kuna jambo lingine aliniambia siku hiyo, nikalipuuza. Njia hakuwa anaipanga yeye kama alivyopanga ng'ombe. Baada ya msiba alikosa nguvu ya kuanza na jibu, akaiachia kompyuta ichanganye mawe na maji yenyewe. Kila ukifungua, inachanganya upya.

Aliyeusambaza ni Nasibu, mwenye kibanda cha kuchaji simu na kuingiza nyimbo. Yeye akipenda kitu anakigawa kwenye kila simu inayopita mkononi mwake. Wachimbaji wakishapiga baruti lazima wakae juu wasubiri moshi utoke shimoni, na hapo hawana la kufanya zaidi ya kuvuta sigara na kushika simu. Njia ikawashika. Ukipita karibu na maduara unasikia kutoka huku na huku, "Umepata! Umepata!" Mimi nilikuwa napeleka maandazi huko, na nilikuwa nazunguka mbali nisiisikie.

Siku moja Maganga mwenyewe alikuwa anacheza huku anasubiri moshi. Njia yake ikashuka, ikakata kushoto, ikashuka tena, mtoto akasema, "Umepata!" Maganga akainuka, akawaambia vijana wake leo tukate kushoto. Wakakata kushoto. Duara likatema, wao ndivyo wanavyosema mwamba unapotoa mali. Luka alirudi nyumbani anacheka peke yake, amebeba mfuko wa mawe begani, na sitaficha kwamba na mimi nilifurahi. Paa letu la sasa limetokana na mawe hayo.

Maganga akajaribu tena, ikatoka kidogo. Akajaribu mara nyingine haikutoka kitu, lakini mara hiyo wakasema walichelewa kuanza. Halafu mtu akauliza hii sauti ni ya nani, na Luka wangu, mdomo wazi kama mlango wa kanisa, akawaambia.

Basi ikawa hivyo. Mganga wa duara, aliyekuwa amewakataza kushuka wakiwa wameoga kwa sabuni, akaachwa. Maganga akaweka utaratibu: kabla ya kukata upande mpya, watu wote wanasimama kimya mdomoni mwa shimo, yeye anaishika simu juu, anaicheza njia, wanasikiliza mtoto. Watu wakaanza kuja uani kwangu na biskuti na juisi. Watu wazima, na vumbi lao, wanavua kofia mlangoni kwa Sesilia. "Shikamoo, Mama Blessing. Tumemletea mtoto." Wengine wanamzidi umri, wanamwamkia! Yeye anapokea, anaziweka pembeni mwa kitanda, anasema asante. Dorah wangu akazila zote. Nilikasirika mno, lakini sikujua nimkasirikie nani.

Niliwahi kumuuliza, "Wifi, wewe hauumii?"

Akafikiri. Nadhani alikuwa anajikagua kwa kweli, kama mtu anayetafuta funguo mfukoni. "Hapana," akasema. "Natamani."

Mambo yalipinduka jioni moja Luka alipokuja akakaa bila kuvua viatu. Akasema kesho wanaanza kukata mashariki. Mtoto amesema mashariki.

Kila mtu Segese anajua kilichoko mashariki. Kuna duara la zamani la mzee Mayala, liliachwa tangu mvua ile kubwa, limejaa maji mpaka karibu na mdomo. Ukilitoboa kutoka chini, maji hayakusubiri upande ngazi. Nikamwambia Luka. Akasema anajua. Akasema hata ukuta wenyewe unatoka jasho, ukiuwekea kiganja unalowa.

"Halafu unakwenda?"

"Maganga anasema dhahabu iko chini ya maji ndiyo maana Mayala hakuipata. Mtoto anaona."

"Mtoto gani, Luka? Yule tuliyemzika?"

Nikamwambia abaki nyumbani, aseme anaumwa. Akasema wenzake wakishuka yeye akabaki, atawaangalia vipi usoni, na yeye ndiye mjomba wa mtoto. Nilitukana matusi ambayo sikujua kama ninayo. Yeye akala, akalala.

Asubuhi nilimgongea Sesilia. "Twende. Utawaambia mwenyewe." Akasema sawa, akavaa kandambili.

Kazi ilikuwa haijaanza, walikuwa wanasubiri gari la magogo ya kushikilia upande huo mpya. Wanawake haturuhusiwi kuvuka kamba iliyozungushiwa shimo, kwa hiyo tulisimama nyuma yake. Walipomwona Sesilia wote wakasimama. Maganga akaja, mtu mzima mnene, mpole, hata kumchukia ni shida.

"Shikamoo, Baba Mbuke," nikasema.

"Marahaba, Mama Dorah. Mama Blessing, karibu, mayu. Umetuheshimisha." Mayu ndiyo mama kwa lugha ya huku.

Sesilia hakuzunguka. "Baba Mbuke, zile njia hazionyeshi kitu. Kompyuta inachanganya tu, kama mtu anavyochanganya karata. Mle ndani hamna mtu. Hata mimi simo."

Maganga akamsikiliza mpaka mwisho. "Ulipouanza mchezo huo, mtoto alikuwepo?"

"Alikuwepo."

"Na sauti ni yake?"

"Ni yake."

"Alipofariki, hukuitoa. Nani alikuzuia kuitoa?"

Sesilia akaangalia kandambili zake.

"Basi, mayu," Maganga akasema kwa upole. "Mengine hayakuhusu wewe."

Sesilia akatoa simu yake mwenyewe, akawaonyesha. Njia moja ikaenda kushoto. Akafungua tena, ikashuka wima. "Mnaona? Kila mara ni tofauti." Mmoja akasema mtoto anawapima imani. Akafungua tena, na kwa bahati mbaya ya kukata maini ikaenda kulia kulia mpaka mwisho, mashariki kabisa. "Umepata!" Wanaume wote wakaguna kwa pamoja. Luka alikuwa katikati yao, anaangalia chini.

Tulipitia kwa kiongozi wa machimbo, tukaambiwa amesafiri. Tukarudi nyumbani. Njiani nilikuwa naongea peke yangu, Sesilia anatembea nyuma yangu. Tulipofika uani ndipo wazo likanijia, nikageuka.

"Wewe hawakusikilizi. Wanamsikiliza yeye. Basi awaambie yeye."

Akanielewa hapohapo, ni mtu mwenye akili. Akakaa kwenye kigoda changu cha maandazi.

"Nina rekodi nyingine," akasema. "Sijazifungua."

"Zifungue."

"Sijui kitakachotokea, wifi."

"Mimi najua kitakachotokea usipozifungua."

Nilimwambia kwa ukali. Luka alikuwa anasubiri magogo.

Tukaingia chumbani. Akazifungua moja baada ya nyingine, uso hauna kitu, kama anayechambua mchele. "Wewe mweupe, ingia! Wewe, wewe!" Nyingine ilikuwa wimbo usio na maneno. Nyingine mtoto anatafuna, na ninajua ni andazi langu, kwa sababu anasema la Mama Dorah. Mimi nilikuwa nimejifunika uso kwa kanga, machozi yanatiririka. Sesilia anabonyeza tu.

Ya mwisho ilikuwa ndefu. Ilirekodiwa kule dukani Shinyanga, unasikia mashine ya nakala inavuma. Kwanza inakuja sauti ya Sesilia mwenyewe, Sesilia wa zamani, ana kicheko kooni: "Sema umepata."

"Umepata."

"Tena, kwa nguvu!"

"Umepata."

Halafu mtoto, amechoka, sauti imeshuka: "Mama, inatosha. Twende nyumbani."

"Moja tu ya mwisho, mwanangu. Moja tu."

Mashine inavuma. Kisha: "Umepata!"

Ndiyo ile ya kwenye mchezo. Ile Segese nzima inayoijua. Niliitambua, na Sesilia aliona kwamba nimeitambua.

"Hiyo," nikasema. "Ya inatosha."

"Ina neno mama," akasema. "Wakisikia mama, watajua ananiita mimi. Watasema haiwahusu."

Kwenye kioo sauti ya mtoto ilikuwa imelala kama vichuguu vilivyopangana. Sesilia akapitisha alama juu ya vichuguu vya kabla na vya baada, pamoja na kile cha neno mama, akabonyeza, vikaondoka. Kompyuta ikauliza kitu kwa maandishi, akabonyeza tena. Akaisikiliza. "Inatosha. Twende nyumbani." Kisha akaingia kwenye mchezo, akaandika maneno yake yale ya kazi, na akaniambia kuanzia sasa kila njia, iende kushoto, iende kulia, itaishia hapo.

Simu ya Maganga ilikuwa kwa Nasibu inachajiwa. Nasibu alipoambiwa akarudi nyuma hatua nzima. "Mimi siingizi mkono kwenye mambo ya marehemu."

"Marehemu ni mtoto wa huyu hapa," nikamwambia, "na huyu hapa ndiye anayekuomba. Ukikataa, andazi langu utalisikia harufu tu mpaka uzeeke." Akamwangalia Sesilia, akaona nadhani kile ninachokiona mimi kila siku. Akaichukua simu ya Maganga na akaubadilisha mchezo.

Gari la magogo lilifika alasiri. Tulikwenda tukasimama tena nyuma ya kamba. Maganga alituona, akatuinamia kichwa. Wachimbaji wakajipanga, tochi zikiwa zimeshafungwa vichwani. Luka alikuwa wa mbele, wa kushuka kwanza. Nilimshika Sesilia mkono, na mkono wake ulikuwa baridi, hauminyi wala haujitoi.

Maganga akainua simu. Akaicheza taratibu, kidole kinashuka, kinakata kulia.

"Inatosha. Twende nyumbani."

Maganga akaiangalia simu, akacheza tena, akaenda kushoto safari hii.

"Inatosha. Twende nyumbani."

Akacheza ya tatu, akashuka moja kwa moja. Ilikuwa ileile. Mzee mmoja wa kutoka Mwadui, aliyezoea machimbo tangu ujana, akafungua tochi yake kichwani akaizima. Maganga akakaa juu ya magogo mapya. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyemkosea mgeni wake.

"Amechoka," akasema. "Mtoto amechoka. Tumemtuma mno."

Akaamuru upande wa mashariki uzibwe kwa magogo yaleyale. Akaja mpaka kwenye kamba, akavua kofia, akamwambia Sesilia, "Utuombee radhi kwake, mayu. Wabeja, asante." Luka alitoka pale akatembea nyuma yangu mpaka nyumbani. Nilikuwa nasikiliza viatu vyake.

Je, ukuta ule ungetoboka kweli? Sijui. Hakuna anayejua. Labda Maganga alikuwa sahihi na kuna dhahabu chini ya maji ya Mayala. Ikae hukohuko.

Jioni tulikula uani, jua halijazama bado. Wachimbaji walikuwa wamempa Luka biskuti za mtoto, pakiti nzima, kwa ajili ya kuomba radhi. Sesilia akaishika pakiti, akaigeuza.

"Mliisikia vizuri?" akamuuliza Luka.

"Tuliisikia, dada."

"Ilisemaje?"

Luka akaniangalia mimi kwanza. "Ilisema inatosha, twende nyumbani."

"Ilimwita nani?"

"Haikumwita mtu."

Sesilia akaitikia kwa kichwa. Nikamuuliza kile kipande alichokata amekiweka wapi. Maana katika zile rekodi zote mtoto anaongea na ng'ombe, anaimba, anatafuna. Pale tu ndipo alipomwita mama yake.

"Sijakiweka," akasema.

"Lakini kompyuta ilikuuliza, wifi. Niliona imekuuliza."

"Iliuliza kama nataka hii mpya ikae juu ya ile ya zamani, ile ifutike." Alikuwa anaongea vilevile anavyoongea siku zote, bapa, hakuna kupanda wala kushuka. "Nikabonyeza ndiyo. Nilikuwa nimeshaanza."

Luka akaacha kutafuna. Dorah, anayemwita mama yake kila baada ya pumzi mbili, akaniita wakati huohuo anataka maji: "Mama!" Sesilia akageuka. Alimgeukia haraka, mwili mzima, kama anayeitwa yeye.

Kisha akaiweka ile pakiti chini. "Alikuwa ananiita mimi," akasema. "Aliniambia inatosha. Mimi nikamwambia moja ya mwisho." Alirudia hilo la moja ya mwisho, na mara ya pili sauti ikavunjika katikati. Kikatoka kilio ambacho sijawahi kukisikia kwa mtu, kinaanzia tumboni. Akaanguka kwenye mapaja yangu na sahani yangu ikamwagika. Luka akaenda kusimama ukutani akatupa mgongo. Mimi nikamshika tu.

Alilia mpaka jua likazama. Majirani wakaanza kuingia mmoja mmoja wamejifunga kanga kiunoni, maana kwa kilio kile walijua ni msiba. Mama mmoja wa nyumba ya pili akaniinamia, akauliza kwa sauti ya chini nani amefariki.

Nikamwambia ni Blessing. Akaenda kutandika mkeka.